Kutoka "Doom" hadi "Judgment": Historia ya Visawe katika Lugha ya Sheria ya Kiingereza

Utangulizi

Neno la Kiswahili hukumu linaweza kufasiriwa kwa Kiingereza kwa maneno kadhaa, yakiwemo "judgment", "verdict" na "sentence". Katika mazungumzo ya kawaida tofauti baina ya maneno hayo ni ndogo. Kwa mshtakiwa anayetaka kukata rufaa, tofauti hizo zina uzito mkubwa. Anayesema hakutenda kosa anapinga kutiwa hatiani. Anayekiri kosa lakini akaona miaka ya kifungo imezidi, anapinga adhabu. Hoja hizo mbili haziandikwi kwa namna moja, wala hazijibiwi kwa namna moja.

Mhadhara huu unachunguza jinsi visawe vya aina hiyo vilivyopatikana katika Kiingereza. Hoja yake kuu ni kwamba uchaguzi baina ya visawe hauwezi kufanywa vyema kwa kutazama maana peke yake. Kila neno liliingia katika lugha pamoja na watu fulani, na likapewa kazi na asasi fulani. Asiyeijua kazi hiyo atachagua kwa kubahatisha.

Matabaka ya msamiati

Kabla ya mwaka 1066, lugha ya sheria ya Waingereza ilikuwa na neno lake lenyewe la hukumu, nalo ni "dom". Sheria zilizokusanywa na Mfalme Alfred wa Wessex, aliyefariki mwaka 899, ziliitwa "domboc", yaani kitabu cha hukumu. Kitenzi chake ndicho kilichozaa "deem" ya leo, yenye maana ya kuchukulia au kuhesabu.

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, aliishinda Uingereza katika vita vya Hastings. Watawala wapya walizungumza Kifaransa, na kwa muda mrefu kumbukumbu za dola ziliandikwa kwa Kilatini. Hatua kwa hatua maneno ya Kifaransa na Kilatini yaliketi juu ya yale ya kale. Ndiyo sababu kitendo kimoja cha kuuliza kina "ask" ya wenyeji, "question" iliyopitia Kifaransa, na "interrogate" ya Kilatini. La kwanza hutumika nyumbani. La tatu hunuka chumba cha polisi.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa wanyama na nyama zao: "ox" na "beef", "sheep" na "mutton". Walter Scott aliueneza katika riwaya yake ya Ivanhoe, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1819, kwamba mnyama hubaki na jina la mchungaji Mwingereza na nyama hupewa jina la bwana Mnormani. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yanarahisisha mno. Kwa karne kadhaa baada ya 1066, "beef" lilitumika pia kwa ng'ombe aliye hai. Mgawanyo wa kazi baina ya visawe haukuja siku ya ushindi. Ulifanyika polepole, kwa matumizi.

Lugha ya mahakama

Katika mahakama mgawanyo huo ulikuwa na madhara makubwa zaidi. Mwaka 1362, wakati wa Mfalme Edward III, Bunge lilipitisha sheria iliyotaka mashauri yasikilizwe kwa Kiingereza. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya haki: watu hawakuelewa yaliyosemwa kwa ajili yao wala yaliyosemwa dhidi yao, kwa kuwa Kifaransa hakikujulikana na wengi. Hata hivyo, sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa, na ikaamuru kumbukumbu ziwekwe kwa Kilatini. Mwaka 1650, baada ya ufalme kuondolewa, iliamuliwa Kiingereza pekee kitumike. Uamuzi huo ukatenguliwa ufalme uliporejea mwaka 1660. Ilipofika mwaka 1733 ndipo sheria mpya ilipoanza kuondoa Kilatini na Kifaransa mahakamani.

Kufikia hapo, istilahi zilikuwa zimekwisha kuota mizizi. "Judgment", lililotoka Kifaransa, lilikuwa limechukua kazi ya "dom". Neno la wenyeji halikufa, lilifukuzwa mahakamani. Lilibaki katika "doomsday", siku ya kiyama, na kutokana na hofu ya siku hiyo "doom" likawa na maana ya maangamizi. "Verdict", lenye asili ya maneno mawili ya Kifaransa yenye maana ya "kusema kweli", likawa uamuzi wa raia 12 walioapishwa. "Sentence", ambalo asili yake ya Kilatini ni rai au maoni, likashika adhabu anayoitamka hakimu. Hakuna anayeweza kuitambua migawanyo hii kwa kutazama asili ya maneno pekee, wala kwa kutazama maana yao ya jumla.

Maneno pacha

Pengine wanasheria hawakuchagua kabisa. Waliyaweka maneno yote mawili. Hati ya wosia ikaitwa "will and testament": la kwanza la wenyeji, la pili la Kilatini kupitia Kifaransa. Mali ikawa "goods and chattels"; kosa la kuvunja na kuingia likawa "breaking and entering". Inaelezwa mara nyingi kwamba pacha hizi ziliundwa ili watu wa lugha zote mbili waelewe. Ufafanuzi huo hautoshi. "Null and void" yote mawili yametokana na Kifaransa na Kilatini, na "to have and to hold" yote mawili ni ya wenyeji. Desturi ya kuambatanisha maneno ilikuwapo tangu kabla ya 1066; mchanganyiko wa lugha uliipa malighafi zaidi.

Vitabu vya visawe

Katika karne ya 18, wasomaji waliongezeka nje ya tabaka la waliosoma Kilatini, nao walihitaji mwongozo. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikwisha kusema kwamba ni nadra maneno mawili kulingana kikamilifu. Mwaka 1766 John Trusler alitoa kitabu cha kutofautisha maneno yanayodhaniwa kuwa sawa, akifuata kazi ya Mfaransa Gabriel Girard ya mwaka 1718. Hester Lynch Piozzi, aliyekuwa rafiki wa Johnson na mke wa mwanamuziki wa Kiitalia, alifuata mwaka 1794. George Crabb, mwaka 1816.

Waandishi hao walieleza tofauti. Daktari Peter Mark Roget, katika Thesaurus yake ya mwaka 1852, alichukua njia nyingine: aliyapanga maneno kwa mafungu ya dhana, akamwachia msomaji kuchagua. Njia hiyo humfaa anayeijua lugha tayari na aliyesahau neno tu. Kwa mgeni wa lugha, orodha isiyo na maelezo ni soko lisilo na bei.

Kiswahili mahakamani

Historia hii inaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Nchini Tanzania, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 iliweka Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za mwanzo, lakini hukumu za mahakama za wilaya na za hakimu mkazi zilitakiwa ziandikwe kwa Kiingereza. Shahidi aliweza kueleza kwa Kiswahili, na maneno yake yakawekwa katika kumbukumbu kwa Kiingereza. Hali hiyo haikuwa mbali na ile ya 1362. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapohitaji.

Kwa mfasiri, kazi iliyofuata ni ya visawe. Mahali pengine Kiswahili humpunguzia mzigo: "will and testament" ni wosia, na "null and void" ni batili, kutafuta neno la pili ni kubeba desturi ya watu wengine bila faida. Mahali pengine humwongezea. Katika usemi wa kila siku mtu "huhukumiwa kifungo", na hivyo hukumu hubeba uamuzi na adhabu kwa pamoja. Matumizi ya mahakama yameanza kugawa kazi: hukumu kwa "judgment", uamuzi kwa maamuzi madogo ndani ya shauri, kutiwa hatiani na adhabu kila moja mahali pake. Uamuzi una shina la Kibantu na hukumu lina asili ya Kiarabu, lakini si asili iliyoyatenga, ni kazi.

Hitimisho

Visawe vya Kiingereza vilitengana kwa karne nyingi, kwa amri chache na kwa mazoea mengi, na aliyeumia ni yule aliyesimama kizimbani bila kuelewa. Kiswahili kinaifanya kazi hiyo sasa kwa muda mfupi, na mbele ya watu wanaoielewa lugha. Mfasiri anapoliona "sentence" akaandika hukumu, hajakosea kamusi. Lakini mfungwa anayesoma nakala yake ili aandike rufaa anastahili kujua ni lipi kati ya mawili analolipinga.