Tusiupunje mkono ulioshika sindano

Desemba inapobisha hodi hakuna fundi cherehani anayepata usingizi wa kutosha. Kila mzazi anataka gauni la binti yake liwe tayari kabla ya mkesha, na kila fundi ameshaahidi zaidi ya anachoweza kushona. Lakini iko kazi nyingine ya sindano ambayo haina kibao barazani wala risiti. Hiyo hufanywa majumbani, usiku, baada ya vyombo kuoshwa na watoto kulala. Ni kazi ya vitambaa vya meza na vya makochi, vilivyodariziwa kwa nyuzi za rangi au kufumwa kwa kroshia, na matandiko ya kitanda yaliyoungwa kipande kwa kipande. Sikukuu ikikaribia vitambaa hivyo hutolewa sandukuni, hufuliwa, hutiwa buluu na wanga, hupigwa pasi mpaka vikakakamaa, kisha hutandazwa sebuleni ili mgeni akiingia ajue kwamba nyumba hii ina mwenyewe.

Vipya navyo hupitishwa mitaani na maofisini kuuzwa. Hapo ndipo maneno huanza. Nimesikia kwa masikio yangu, tena mara nyingi: "Mama, kitambaa tu, bei yote hiyo?" Mama wa watu hupunguza, hupunguza tena, na mwisho huondoka na fedha ambayo haizidi sana gharama ya uzi.

Juma hili nataka tuitazame kazi hiyo kwa jicho la historia. Maana kitambaa si kitu kidogo katika sehemu hii ya dunia. Kilikuwa fedha kabla ya fedha, na safari yake inatufikisha mbali kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1833 Seyyid Said wa Unguja alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Miaka minne baadaye, mwaka 1837, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja. Alitoka Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts. Meli za Salem zilikuja kuchukua pembe za ndovu, karafuu, sandarusi na ngozi. Na zilileta nini? Zilileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kizito na imara, ambacho wenyeji walikiita kwa jina la nchi kilikotoka: merikani. Kitambaa hicho kilipanda bara mabegani mwa wapagazi, kikapimwa kwa doti, kikanunua chakula na kulipa hongo za njiani. H. M. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, sehemu kubwa ya mizigo yake ilikuwa nguo na shanga, na merikani ilikuwamo.

Sasa tujiulize, pamba ya merikani ililimwa na nani? Massachusetts ni nchi ya baridi, haioti pamba. Viwanda vyake vilipata pamba kutoka majimbo ya kusini, ambako ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa, watu ambao babu zao walitekwa Afrika. Kwa hiyo jasho la Mwafrika mtumwa wa ng'ambo lilirudi Afrika likiwa jora la nguo, likanunua pembe ambazo mara nyingi zilibebwa na Mwafrika mwingine asiye huru. Vita vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipokata pamba hiyo, nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikaziba pengo.

Katika majimbo hayo ya kusini kuna mahali paitwapo Gee's Bend, katika jimbo la Alabama. Ni kijiji kilichozungukwa na Mto Alabama pande tatu, kana kwamba mto ulitaka kukificha. Joseph Gee alianzisha shamba lake la pamba pale mwaka 1816. Mwaka 1845 shamba liliingia mikononi mwa Mark Pettway kwa ajili ya deni, naye akawahamishia huko watumwa wake wapatao 100 kutoka North Carolina, wakitembea kwa miguu. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865 watu hao hawakuwa na pa kwenda. Walibaki kulima pamba katika ardhi ya wengine na kugawana mavuno na mwenye ardhi, na wengi wao mpaka leo wanaitwa Pettway, jina la bwana aliyewamiliki babu zao.

Wanawake wa Gee's Bend walishona mifarishi. Neno hilo wazee wa pwani wanalijua: ni tandiko nene la kujifunikia, lenye pamba iliyobanwa kati ya vitambaa viwili kwa mishono ya mkono. Wao waliushona upande wa juu kwa viraka, kwa kuwa kitambaa kizima hawakuwa nacho. Suruali ya shamba ikichakaa magotini, sehemu iliyosalia ilikatwa. Shati, aproni, gunia la unga, kila kitu kilikuwa na maisha ya pili. Nyumba zao zilikuwa za mbao zenye nyufa, na baridi ya huko si ya mzaha, kwa hiyo mtoto mmoja alihitaji mifarishi kadhaa kwa usiku mmoja. Mfarishi ukizeeka kabisa, ulichomwa ili moshi wake ufukuze mbu. Hapakuwa na kilichotupwa.

Maisha yaliwapiga. Bei ya pamba ilianguka, na mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alipofariki, mwaka 1932 warithi wake walikuja kudai. Walichukua mifugo, majembe, mikokoteni, hata mahindi yaliyokuwa ghalani. Msalaba Mwekundu ulipeleka chakula kuwanusuru. Mwaka 1937 serikali ya Marekani ilinunua ardhi ile, na baadaye familia nyingi ziliweza kuinunua kwa mkopo. Kwa Mwafrika wa Alabama enzi hizo, kumiliki ardhi lilikuwa jambo adimu.

Katika miaka hiyo ya dhiki, mwaka 1942, mwanamke aitwaye Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Alikusanya nguo za kazi za marehemu, zilizopauka kwa jua na jasho, akazikata na kuziunga kuwa mfarishi, apate kumkumbuka na kujifunika upendo wake. Mfarishi huo upo hadi leo. Ukiutazama unaona kabisa mahali palipokuwa na mifuko ya suruali, pamebaki na rangi ambayo jua halikuifikia. Je, msikilizaji, kitu kama hicho utakipigia bei gani?

Kisha ukaja wakati wa kudai haki. Mwaka 1962 kivuko kilichowavusha kwenda mji wa Camden, makao makuu ya wilaya, kilisimamishwa, wakati Weusi walipoanza kujaribu kujiandikisha kupiga kura. Safari ya kuvuka mto ikageuka mzunguko wa zaidi ya saa moja kwa gari, na wenye magari walikuwa wachache. Kivuko hicho hakikurudi mpaka mwaka 2006. Martin Luther King alifika kijijini hapo Februari 1965, na baadhi ya waliomfuata kwenda kujiandikisha walifukuzwa kazi na makazi.

Mwezi Desemba wa mwaka huohuo wa 1965, siku chache kabla ya Krismasi, kasisi wa Kianglikana aitwaye Francis Walter alikuwa akizunguka wilaya hiyo akiandika habari za waliofukuzwa. Akaona mifarishi imeanikwa kwenye kamba nje ya nyumba moja. Uzuri wake ulimsimamisha. Mwenye nyumba, alipomwona mzungu anakuja, alikimbilia msituni kwa hofu. Ndivyo hali ilivyokuwa. Lakini kasisi alirudi na wenzake, maelewano yakapatikana, akaanza kununua mifarishi kwa dola 10 kila mmoja, bei iliyokuwa kubwa kuliko waliyoizoea. Machi 1966 mifarishi hiyo ilipigwa mnada New York, na mwezi huohuo akina mama wakaunda chama chao cha ushirika, Freedom Quilting Bee, maana yake washonaji wa mifarishi ya uhuru. Kwa miaka mingi meneja wake alikuwa Estelle Witherspoon, mwanamke wa palepale.

Ushirika huo ulileta fedha taslimu mikononi mwa wanawake ambao hawakupata kuzishika. Walinunua ardhi, wakajenga jengo la kushonea mwaka 1969, na sehemu ya ardhi hiyo wakawauzia viwanja watu waliofukuzwa kwa kosa la kutaka kupiga kura. Mwaka 1972 walipata mkataba na kampuni kubwa ya maduka, Sears, kushona foronya za kitambaa cha kodrai. Mabaki ya kodrai hiyo waliyapeleka nyumbani, wakayageuza mifarishi.

Lakini nisiwapambie hadithi. Maduka makubwa yalitaka kila mfarishi ufanane na mwenzake, kipimo kimoja, rangi moja. Mama aliyezoea kushona kwa kufuata jicho lake na vipande alivyo navyo alilazimika kushona kwa kufuata karatasi ya oda. Riziki ilipatikana, lakini ubunifu uliachwa mlangoni. Ushirika ulidhoofika wanachama walipozeeka, ukafungwa mwaka 2012. Na mifarishi ya zamani, ile ya viraka vya suruali, ilipoonyeshwa katika jumba la sanaa la Houston mwaka 2002 na kisha New York, dunia ilishangaa. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu zenye picha zake. Mwaka uliofuata baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani wakidai hawakupata haki yao katika mapato ya kazi hizo, na mashauri hayo yakamalizwa kwa maelewano mwaka 2008. Kumbe hata sifa ikija, swali la nani analipwa hubaki palepale.

Turudi kwetu. Sisi nasi tuna historia ya kuunga vipande. Kanga anayoifunga mama leo inasimuliwa kwamba ilianza kwa wanawake wa pwani kununua jora la leso, zile za Kireno, wakakata leso sita, wakaziunga tatu kwa tatu kuwa vazi. Na Unguja, soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana liliwekwa mahali hapohapo sikukuu ya Krismasi ya mwaka ule. Hapo jirani, Mbweni, wasichana waliookolewa majahazini walisomeshwa katika shule iliyoongozwa na Caroline Thackeray kuanzia mwaka 1877, na miongoni mwa waliyofundishwa ni kushona. Sindano ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo binti aliyekuwa mali ya mtu aliweza kuvitumia kwa faida yake mwenyewe.

Marehemu mama yangu hakusoma historia hii, lakini aliijua kwa vidole. Alidarizi vitambaa kwa taa ya chemli, na ada zangu za shule za muhula wa Januari zilitoka humo. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, kitambaa sikiuzi, nauza usiku wangu." Wakati huo niliona ni maneno ya uchovu. Nimekuja kutambua kwamba ilikuwa hesabu.

Hebu tuifanye hesabu hiyo. Mama akikaa na kitambaa kimoja saa mbili kila usiku kwa majuma matatu, ni saa 42. Hiyo ni zaidi ya juma zima la kazi la mfanyakazi wa ofisi. Weka bei ya kitambaa, weka bei ya uzi, kisha gawanya kinachobaki kwa saa 42. Mara nyingi utakachokipata hakitoshi nauli ya daladala. Ndipo tunapotoa pochi na kusema, "Punguza kidogo, ni sikukuu." Sikukuu ni ya nani? Na yeye ana watoto wanaosubiri pilau.

Nafahamu hoja ya upande wa pili. Kitambaa cha plastiki chenye maua ya kiwandani ni rahisi, kinafutwa kwa tambara, na mishahara yetu tunaijua wenyewe. Simlaumu anayenunua cha plastiki kwa kuwa ndicho anachokimudu. Ninayemsema ni yule mwenye uwezo, ambaye dukani hulipa bei iliyobandikwa bila kufungua mdomo, kisha akikutana na mama mwenye kapu huona fahari kumpunja.

Akina mama nao nina neno kwao. Gee's Bend inatufundisha kwamba mshonaji mmoja akipita na kapu lake husikiliza bei ya mnunuzi, lakini 60 wakikaa pamoja hutangaza bei yao. Andikeni saa mlizotumia. Darizini majina yenu pembeni mwa kazi, hata kwa herufi mbili. Na mkipata oda kubwa, shoneni kwa kipimo mlichopewa mchana, lakini usiku mmoja katika juma bakizeni wa kushona kile ambacho jicho lenu limechagua. Huenda ndicho watakachokitafuta wajukuu.

Krismasi hii ukitandaziwa kitambaa cha mkono mezani, kabla hujaweka sahani, kipindue utazame mafundo upande wa chini. Na kama ni cha kununua, lipa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba ya mtu ikipunjwa kila siku, kibaba hakijai.

Nawatakieni maandalizi mema. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.