Redio za wazee: bei ya kitabu na bei ya soko, Butembo na Beni

Tangu mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 katika eneo la Beni, familia nyingi zimekimbia vijiji vyao zaidi ya mara moja. Kwenye mzigo kunakuwa godoro, sufuria, na mara nyingi redio, kwa sababu ndiyo inayoeleza kama barabara imefunguka ama bado. Njaa ikizidi, redio hiyo inauzwa. Zingine ni za baba ama babu, na mnunuzi mwenye simu anaweza kutafuta kama kuna mtu wa mbali anayezipenda. Muuzaji, yeye, anajua tu bei ya unga wa siku ile.

Watu wa kukusanya redio za kale wako na chama tangu zamani: Marekani, Antique Wireless Association ilianzishwa mwaka 1952. Baadaye vitabu vya bei vikafuata, kama vile vya Marty na Sue Bunis, vyenye majina ya redio, mwaka wa kila moja na dola inazoweza kuleta. Lakini vitabu hivyo vinahesabu zaidi redio za Marekani. Zilizozoeleka upande huu wa Afrika ni Philips, Grundig, National na Sony. Philips na National zilikuwa hata na viwanda Tanzania, Arusha na Dar es Salaam.

Historia yenyewe inaeleza kwa nini redio moja ni adimu na nyingine si kitu. Radio Congo Belge ilianza kusikika toka Léopoldville mwaka 1940. Wakati ule redio zilikuwa za lampu, nzito, zenye kula umeme mwingi. Mwaka 1949, Rhodesia ya Kaskazini, Harry Franklin alipata kampuni ya Ever Ready itengeneze redio ya bei ndogo kwa Waafrika. Ilikuwa ya duara, ya buluu, sanduku lake likitokana na sufuria ya aluminiamu. Iliuzwa pauni 5 za Uingereza, na betri yake ilidumu saa 300 hivi. Betri za namna ile zilipokosekana sokoni, redio zikanyamaza na wengi wakazitupa. Leo wakusanyaji wanazitafuta.

Mwaka 1954 Marekani ilitoa Regency TR-1, redio ya kwanza ya tranzista kuuzwa madukani, kwa dola 49.95. Toka hapo mawe ya kawaida yakatosha, na redio ikafika hata shambani. Zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hazina bei kubwa popote.

Fundi redio anaweza kujua umri wa redio bila kitabu. Yenye maneno «West Germany» ilitengenezwa kabla ya 1990. Yenye alama mbili ndogo za pembe tatu, kwenye 640 na 1240, ni ya soko la Marekani kati ya 1953 na 1963. Yenye kuandikwa «kc» mahali pa «kHz» ni ya zamani zaidi. Na kama FM yake inaishia 100 ama 104, haiwezi kushika stesheni zinazosikika juu ya hapo. Hata iwe nzuri namna gani, haifai kwa mtu anayetafuta habari za leo.

Bei ya kitabu nayo iko na masharti. Ni ya redio kamili, yenye vitufe vyake vya asili, kioo kisichopasuka, sanduku lisilopakwa rangi upya. Tena ni bei ya mnada wa mbali. Ukitoa usafirishaji, ushuru na faida ya wachuuzi, kinachobaki Butembo ni sehemu ndogo. Anayeambiwa kwamba redio ya babu itamjengea nyumba anadanganywa, sawasawa na anayepewa franka za kilo mbili za unga kwa redio adimu.

Kwa familia iliyohama, jambo la maana ni kufungua mgongo wa redio mbele ya fundi kabla ya kupatana, kuandika jina, namba na nchi iliyoitengeneza, kisha kuuliza wanunuzi wawili ama watatu. Kama ni ya kawaida lakini inasema vizuri, thamani yake iko masikioni. Radio Okapi ilipoanza tarehe 25 Februari 2002, nchi ikiwa imegawanyika, watu waliisikiliza kwa redio za namna hiyo. Na wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walikufa, na redio ilikuwa njia moja ya kupata maelezo ya kujikinga bila kuingia kwenye kusanyiko. Hesabu hiyo haimo katika kitabu chochote cha bei, lakini mwenye kuuza aiweke kwanza.