Fado na piano solo: kwa nini sikio la msikilizaji linahama

Fado ni wimbo wa mji wa Lisbon, kule Ureno: mwimbaji mmoja, gitaa ya Kireno yenye nyuzi 12, na gitaa ya kawaida ambayo Wareno wanaiita viola. Piano solo ya jazi ni kitu kingine kabisa: mtu mmoja mbele ya piano, bila ngoma, bila besi, na mara nyingi anabuni muziki papo hapo. Haziko ndugu. Lakini vipindi vya redio vya usiku vinapenda kuziweka jirani, juu zote mbili zinamwomba msikilizaji kitu kimoja: anyamaze.

Kumbe mwanzoni haikuwa hivyo. Zote mbili zilizaliwa katika kelele. Na kati ya ile kelele na ukimya wa leo, watu walizipenda, wakazikataa, wakazirudilia, na kila mara kulikuwa na mwanamuziki fulani aliyelipa bei ya yale mageuzi. Ndiyo habari ya ukurasa huu.

Kelele kwanza

Harlem, New York, miaka ya 1920. Mpangaji aliyekosa pesa ya nyumba alikuwa anaita watu kwake usiku, anatoza kiingilio mlangoni, anauza chakula na pombe, na kukodi mpiga piano. Orkesta nzima isingeingia mule ndani, na hata ingeingia, nani angeilipa? Basi mpiga piano alipaswa kuwa orkesta yeye mwenyewe. Mkono wa kushoto ulifanya kazi ya besi na ya ngoma, ukirukaruka kutoka noti ya chini mpaka katikati. Mkono wa kuume ulipamba. James P. Johnson aliuweka mtindo huo kwenye diski mwaka 1921 na kipande chake «Carolina Shout», na vijana wapiga piano walikifanya kuwa mtihani wao. Duke Ellington alikuwa mmoja wao.

Msikilizaji wa wakati ule alitaka nini? Mikono. Alitaka kuona nani ana mbio, nani atamwaibisha mwenzake. Mfalme wa mashindano hayo alikuja kuwa Art Tatum, mtu wa Toledo, Ohio, aliyekuwa karibu kipofu kabisa. Diski yake ya «Tea for Two» ya mwaka 1933 ingali inawasumbua wapiga piano mpaka leo.

Fado nayo ilitoka katika vilabu vya pombe vya Mouraria na Alfama, kati ya mabaharia, wachuuzi na wanawake waliouza miili yao. Jina la kwanza linalokumbukwa ni la Maria Severa, aliyekufa mwaka 1846 akiwa na miaka 26. Wapo wataalamu wanaosema kwamba mizizi iko mbali zaidi: kwamba fado ilikuwa kwanza dansi ya Brazil, jirani na lundu, ngoma ya watumwa waliotolewa Angola na Kongo, na kwamba ilivuka bahari wakati mfalme wa Ureno aliporudi kutoka Rio de Janeiro mwaka 1821. Wengine wanalipinga hilo. Sisi tunaoishi upande huu wa Afrika tunaweza kulipokea kwa furaha, lakini tusilipigie mbiu kama vile kesi imekwisha kukatwa.

Salazar na kadi ya mwimbaji

Mwaka 1926 wanajeshi walipindua serikali ya Ureno, na kutoka hapo ukazaliwa utawala wa António de Oliveira Salazar. Amri ya mwaka 1927 iliwalazimisha waimbaji kuwa na kadi ya kazi, na maneno ya nyimbo yalipaswa kupitishwa na wakaguzi kabla ya kuimbwa. Pole pole fado ikatoka barabarani ikaingia katika nyumba maalum za fado. Mwimbaji mwanamke anavaa shali nyeusi, taa zinapunguzwa, wahudumu wanaacha kuzunguka na sahani, na watu wote wanyamaze. Ukimya tunaousifu leo kama roho ya fado, kwa sehemu kubwa, ulitengenezwa wakati ule.

Ndani ya nyumba hizo alipanda Amália Rodrigues, mtoto wa maskini aliyezaliwa mwaka 1920. Aliimba kwa kulipwa tangu 1939, na katika miaka ya 1950 Paris ilikuwa imekwisha kumpokea kwenye jukwaa la Olympia. Watu wanamtaja kama sauti ya mila, lakini yeye ndiye aliyeivunja. Mwaka 1962 alitoa albamu inayojulikana kama «Busto», pamoja na mtunzi Alain Oulman, ambaye alitungia kwenye piano, hapana kwenye gitaa, na aliyeleta mashairi ya washairi wakubwa. Wapiga gitaa walilalamika. Mwaka 1965 Amália alipoimba Camões, mshairi mkuu wa Ureno, magazeti yalijaa ugomvi: mwimbaji wa vilabu anamgusaje Camões? Katika «Busto» kulikuwa na wimbo juu ya mtu aliyechukuliwa usiku kwa sababu ya mawazo yake. Watu waliuita fado ya Peniche, jina la gereza la wafungwa wa siasa, na ukapigwa marufuku. Oulman mwenyewe alikamatwa na PIDE, polisi ya siri, mwaka 1966, akafukuzwa nchini.

Yote hayo hayakumsaidia Amália siku hesabu ilipofika.

Jazi kama dirisha

Katika Ureno ile ile, jazi ilikuwa na maana nyingine. Luís Villas-Boas, mtu wa redio, alianzisha Hot Clube de Portugal mwaka 1948, na mwaka 1971 akaandaa tamasha la kwanza la Cascais, karibu na Lisbon. Hapo mpiga besi Charlie Haden, akicheza na Ornette Coleman, aliutoa wimbo wake «Song for Che» kuwa zawadi kwa vyama vya ukombozi vya Angola, Msumbiji na Guinea. Uwanja ulilipuka kwa makelele ya furaha. Kesho yake PIDE ilimkamata ikamhoji. Kumbuka jina la Haden: miaka ile ile alikuwa mpiga besi wa Keith Jarrett.

Basi kijana wa Lisbon aliyechoka na vita vya Afrika alikuwa na vitu viwili kichwani. Jazi ilikuwa hewa ya nje. Fado ilikuwa ya wazee, ya kanisa, ya Salazar. Watu walikuwa wanasema utawala unasimama juu ya F tatu: Fado, Fátima na Futebol. Haki au uonevu, msemo ule ulishika.

Tarehe 24 Aprili 1974, saa 22:55, redio ya Lisbon ilipiga «E Depois do Adeus» ya Paulo de Carvalho: ishara ya kwanza kwa wanajeshi wajiandae. Saa 00:20, Rádio Renascença ikapiga «Grândola, Vila Morena» ya José Afonso: ishara ya kutoka. Kufika jioni ya kesho yake utawala ulikuwa umeanguka. Kwetu watu wa redio hadithi hii haichoshi. Angalia pia kwamba hakuna fado kati ya nyimbo zile mbili, ingawa Afonso mwenyewe alianza kwa kuimba fado ya Coimbra, ile ya wanafunzi.

Baada ya mapinduzi, fado ikaonekana haya. Redio ziliipunguza sana, na juu ya Amália ukavuma uvumi kwamba alikuwa mtu wa PIDE. Baadaye ikajulikana kwamba alikuwa akitoa pesa kwa siri kwa wakomunisti waliokuwa wakiteswa. Wazazi wetu waliopitia animation politique ya wakati wa Mobutu wanaelewa jambo hili bila kuelezwa: wimbo unaweza kuwa mzuri, na bado mtu anafunga redio juu ya kumbukumbu zake. Aliyesaidia kuiokoa fado katika miaka ile mibaya ni Carlos do Carmo. Albamu yake ya 1977, «Um Homem na Cidade», iko na maneno ya Ary dos Santos, mshairi mkomunisti. Nani angeiita ile fado ya Salazar?

Piano mbovu ya Köln

Miezi tisa baada ya mapinduzi ya Ureno, tarehe 24 Januari 1975, Keith Jarrett alifika Köln, Ujerumani, kucheza peke yake katika jumba la opera. Mwandaaji, Vera Brandes, alikuwa msichana wa miaka 18. Piano kubwa aliyoomba haikuwepo. Walileta ndogo ya mazoezi, ambayo noti za juu zilikuwa kali, za chini hazina nguvu, na vikanyagio havifanyi kazi vizuri. Jarrett alikuwa na maumivu ya mgongo na hakuwa amelala. Alitaka kuondoka. Akacheza, saa 23:30 usiku, mbele ya watu zaidi ya 1,400.

Kwa kuwa piano haikuwa na pembe, alikaa katikati. Mkono wa kushoto ukarudia mwendo ule ule dakika nyingi, kama mtu anayetwanga, na mkono wa kuume ukaimba. Kipande cha kwanza peke yake kinafika dakika 26. Kampuni ya ECM ya Munich ilitoa diski mbili mwaka ule ule, na zimeuzwa nakala zinazohesabiwa kwa mamilioni. Hakuna diski ya piano solo ya jazi iliyouzwa zaidi.

Hapa sikio la watu liligeuka kabisa. Tatum alisikilizwa kwa mshangao. «The Köln Concert» ilisikilizwa kwa macho yaliyofungwa, nyumbani, usiku, na watu ambao hawakuwa na diski nyingine hata moja ya jazi. Mashabiki wa zamani walisema ni muziki mtamu mno. Mimi nasema walikosea kwa habari ya Jarrett, lakini hawakukosea kwa habari ya kilichofuata: miaka ya 1980 ilijaa piano laini ya kutuliza neva, isiyo na jasho. Leo orodha za nyimbo kwenye simu zinafanya vile vile, na vipande vya dakika mbili au tatu, vya kusindikiza kazi au usingizi.

Jarrett alichoka kuombwa usiku ule urudi. Alikataa muda mrefu muziki ule uandikwe kwenye karatasi. Alipokubali, karibu mwaka 1990, alitaka diski yenyewe ibaki mwalimu, hapana karatasi. Tangu konseri zake za Japani za mwaka 2002 aliacha safari ndefu akaanza kukata usiku katika vipande vifupi, na aliyekohoa ukumbini alikaripiwa. Mwaka 2018 alipatwa na kiharusi mara mbili, na hakucheza tena mbele ya watu.

Wajukuu wanarudi

Fado ilirudi kwa mlango wa watoto, wale ambao Salazar kwao alikuwa somo la shule. Mísia na Camané walifungua njia katika miaka ya 1990. Jumba la Makumbusho la Fado lilifunguliwa Alfama mwaka 1998. Amália alipokufa Oktoba 1999, taifa lililokuwa limemnuna liliomboleza siku tatu. Mwaka 2001 Mariza alitoa «Fado em Mim». Amezaliwa Msumbiji, mama yake ana damu ya Kiafrika, nywele fupi za rangi ya dhahabu: si sura ambayo utawala wa zamani ungeichagua. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika fado katika urithi wa wanadamu.

Siku hizi malalamiko yamegeuka upande wa pili. Wazee wa Alfama wanasema nyumba za fado zimejaa watalii. Na Ana Moura, katika «Casa Guilhermina» ya 2022, amechanganya fado na midundo ya Angola, nchi ya jamaa zake. Kuna wanaosema hiyo haiko fado tena. Walisema hivyo hivyo juu ya Camões.

Pahali mbili zinapokutana

Amália alirekodi na mpiga saksofoni wa Marekani Don Byas mwaka 1968. Lakini mkutano wa kweli na piano ulikuja baadaye: Carlos do Carmo na Bernardo Sassetti mwaka 2010, kisha Camané na Mário Laginha katika «Aqui Está-se Sossegado» ya 2019. Gitaa zimeondolewa zote. Mpiga piano wa jazi anabeba peke yake kazi ya gitaa mbili, na mwimbaji anapata nafasi ya kuchelewa, kuvuta neno, kunyamaza.

Kwa anayetaka mtu wa kwetu, Ray Lema, mzaliwa wa Bas-Congo mwaka 1946 aliyefundishwa piano kwa mapadri, ametoa «Mizila» mwaka 2004, piano peke yake. Ianze kabla ya Köln, hapana baada. Ukisikiliza Jarrett kwanza utamtafuta Jarrett ndani yake, na hayumo.