Nusu Wafe: Historia Fupi ya Samaki Ndani ya Tangi

Kiswahili kina neno ambalo vijana wengi wa mjini hatujalisikia: utupa. Ni mmea wa jamii ya kunde. Majani yake hupondwa, yakatupwa kwenye dimbwi au kijito kinachokwenda polepole, na baada ya muda samaki huanza kupanda juu na kuyumba kama walevi wa mwisho wa mwezi. Ndani ya majani hayo mna rotenoni, kemikali inayozuia seli zisitumie oksijeni. Samaki anakosa pumzi huku amezungukwa na maji yenye hewa tele.

Mvuvi wa utupa alihitaji kujua mambo mawili tu: majani kiasi gani kwa dimbwi la ukubwa gani, na angoje kwa muda gani. Kiasi na muda. Sasa, ukiondoa dimbwi ukaweka tangi la kioo, ukaondoa majani ukaweka kemikali ya kiwandani, unapata jaribio ambalo limeamua mengi kuhusu kile kinachoruhusiwa kumwagwa mitoni. Swali lake ni moja: ni kiasi gani cha kemikali hii, katika lita moja ya maji, kinachoua nusu ya samaki kwa saa 96?

Nusu. Saa 96. Nani aliamua hivyo? Na ni samaki gani hasa?

Tuanzie Wales, miaka ya 1920. Milima iliyo karibu na mji wa Aberystwyth ilikuwa imechimbwa risasi na zinki kwa muda mrefu, na mito Rheidol na Ystwyth ilikuwa imebeba uchafu wa migodi hiyo hadi samaki wakatoweka. Kathleen Carpenter, mwanabiolojia aliyezaliwa mwaka 1891, alienda mitoni kuhesabu kilichobaki hai. Kisha akarudi maabara akafanya jambo ambalo mto hauwezi kukufanyia: aliweka samaki ndani ya maji yenye chumvi za metali, kila chombo na kiwango chake, akapima muda waliochukua kufa.

Alichogundua kinafaa kukumbukwa. Metali ilikuwa ikigandisha ute ulio kwenye matamvua, yale mapazia mekundu ambayo samaki hupumulia. Ute ukiganda, oksijeni haipiti. Kumbe samaki wa mto wa risasi, sawa na samaki wa utupa, alikuwa akikosa pumzi, ila kwa njia nyingine. Carpenter alichapisha kazi hiyo mwaka 1927, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kuhusu maisha ya maji baridi ambacho wengi hukitaja kuwa cha kwanza cha kufundishia somo hilo kwa Kiingereza. Ukiuliza leo nani alianzisha elimu ya mito iliyochafuliwa, jina lake halitajwi sana. Lingefaa litajwe.

Mwaka huo huo wa 1927, huko Uingereza, J. W. Trevan alikuwa na shida tofauti kabisa. Alifanya kazi katika maabara za Wellcome, na alitaka kujua nguvu ya dawa kama vile dijitali, dawa ya moyo. Zamani watu walitafuta dozi ndogo kabisa inayoua mnyama. Trevan alionyesha kwamba kipimo hicho hakitegemeki, kwa sababu katika kila kundi kuna mnyonge anayekufa kwa tone na mkaidi asiyekufa hata umfanye nini. Ukitaka kujua darasa zima linakimbia kwa kasi gani, usimpime wa kwanza wala wa mwisho. Mpime wa katikati. Ndipo ikaja dozi inayoua nusu. Nusu haikuchaguliwa ati kwa sababu mtu aliona ni halali nusu wafe. Ilichaguliwa kwa sababu pale katikati namba hutulia.

Hayo mawili, samaki wa Carpenter na nusu ya Trevan, yalikuja kukutana mahali ambapo huenda hukutarajia: kiwandani. Mwaka 1945, Hart, Doudoroff na Greenbank walitoa mwongozo wa kupima sumu ya taka za viwandani na kemikali kwa samaki wa maji baridi. Waliochapisha ni maabara ya maji taka ya Atlantic Refining Company, kampuni ya kusafisha mafuta huko Philadelphia. Mwaka 1951 Doudoroff na wenzake wakaboresha njia hiyo, ikaenea Marekani nzima.

Usikimbilie kusema ni njama. Kabla ya hapo, mkulima wa chini ya mto akilalamika kuwa samaki wamekufa, kiwanda kingesema ni joto, ni ugonjwa, ni Mungu. Sasa palikuwa na njia ambayo watu wawili wanaozozana wangeweza kuirudia na kupata jibu linalokaribiana. Hilo si jambo dogo.

Lakini sikiliza jina walilolipa jibu hilo. Waliliita kiwango cha uvumilivu, yaani kiasi ambacho nusu ya samaki wanakivumilia. Miaka ilivyosonga jina likabadilika, likawa LC50: ukolezi unaoua nusu. Tangi ni lile lile na maiti ni wale wale. Jina la kwanza liliwatazama waliobaki, la pili likawatazama waliokufa. Anayetaka kujua lugha ina kazi gani katika sayansi, mfano ndio huo.

Mwaka 1981 jaribio likapata pasipoti. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi lenye makao Paris, lilitoa Mwongozo namba 203, na nchi wanachama zikakubaliana kwamba data iliyopatikana kwa kufuata miongozo ya shirika katika nchi moja itapokelewa na nyingine. Masharti yake ni ya kina. Samaki wasiopungua saba kwa kila kiwango. Viwango visivyopungua vitano, kila kimoja kisizidi kilichotangulia kwa zaidi ya mara 2.2. Tangi moja la maji safi la kulinganishia. Hakuna chakula kwa siku zote nne. Oksijeni isishuke chini ya asilimia 60 ya kiasi ambacho maji yanaweza kubeba. Unahesabu waliokufa baada ya saa 24, 48, 72 na 96. Siku nne hizo, kwa njia, zinaingia vizuri ndani ya wiki ya kazi: unaanza Jumatatu, unamaliza Ijumaa.

Mimi sikumaliza chuo, lakini hesabu yake haihitaji digrii. Tuseme una matangi matano yenye miligramu 1, 2, 4, 8 na 16 za kemikali kwa lita. Ijumaa inafika. Katika tangi la kwanza hajafa yeyote, la pili amekufa mmoja kati ya saba, la tatu watatu, la nne sita, la tano wote. Nusu iko kati ya 4 na 8, karibu zaidi na 4. Hiyo ndiyo LC50 yako. Angalia kitu kimoja kinachochanganya wengi: hapa namba ndogo ndiyo kali. Kemikali yenye LC50 ya 1 ni hatari kuliko yenye 100.

Namba hiyo haijasema chochote kuhusu samaki atakayekufa siku ya tisa. Haijasema kuhusu mayai, wala kuhusu jike aliyebaki hai lakini hazai tena, wala kuhusu sumu iliyojificha kwenye mafuta ya samaki ikisubiri mlaji. Ndiyo maana wadhibiti hawaichukui kama ilivyo. Huko Ulaya, kama una data za muda mfupi peke yake, unagawanya namba ndogo kabisa kwa 1000 ndipo ukadirie kiwango salama. Hiyo 1000 ni ungamo. Ni sayansi ikisema, kwa hesabu, kwamba tangi si mto.

Sasa turudi kwenye swali la tatu: samaki gani? Toleo la 1992 la mwongozo lilipendekeza aina saba: samaki-pundamilia, yule mdogo mwenye mistari kutoka Asia Kusini; medaka wa Japani; karpu; gapi; wawili wa Amerika Kaskazini; na trauti wa upinde wa mvua. Ngege hayumo. Omena hayumo. Kamongo hayumo. Trauti, ambaye anapatikana kwetu mitoni, aliletwa Kenya na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20 ili wapate wa kuvua kwa ndoano kwenye mito baridi ya Mlima Kenya.

Je, aina ya samaki inabadilisha kitu? Nenda Seattle. Kwa miaka mingi samoni aina ya koho walikuwa wakirudi kutoka baharini kutaga mayai kwenye vijito vya mji, na kila mvua iliponyesha walizunguka wakihema juu ya maji, kisha wakafa ndani ya saa chache, mayai bado tumboni. Desemba 2020 watafiti walitangaza muuaji. Matairi ya magari hutiwa 6PPD ili mpira usipasuke. Kemikali hiyo ikikutana na ozoni ya hewani hugeuka kuwa 6PPD-kwinoni, na mvua huiosha barabarani hadi mtoni. Mwaka 2022 LC50 yake kwa koho ilirekebishwa kuwa nanogramu 95 kwa lita. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya milioni kumi ya gramu.

Na samoni aina ya chamu, binamu wa koho? Wanaogelea ndani ya maji hayo hayo bila shida. Samaki-pundamilia na medaka walipopimwa, hawakufa pia. Yaani kama ungetumia samaki hao wawili wa orodha, ungeandika kwamba kemikali hii haina neno, na ungekuwa umefuata kila sharti. Trauti wa upinde wa mvua, naye alipopimwa, alikufa. Kila mvua inapopiga Thika Road, vumbi la matairi ya matatu zetu linaelekea mtoni pia.

Ziwa Victoria lina funzo lake. Endosulfani, dawa ya wadudu wa pamba na kahawa, huua trauti kwa takriban maikrogramu moja kwa lita. Kwenye maabara, namba hiyo ni onyo. Ziwani iligeuka kuwa mbinu ya uvuvi: watu walimwaga dawa za wadudu majini wakaokota samaki. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa hilo kwa ajili ya sumu, na nchi zote tatu zikaumia, pamoja na wavuvi ambao hawakuwahi kugusa chupa ya dawa. Endosulfani yenyewe iliwekwa kwenye orodha ya kupigwa marufuku ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2011.

Sheria yetu ya mazingira ya mwaka huo wa 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini na wananchi wasikizwe. Siku moja kiwanda kitakuja kwenu, mtaitwa chini ya hema, mtapewa soda, na mtaalamu atafungua ripoti aseme kemikali imepimwa kwa samaki na ni sawa. Hapo usiogope Kiingereza chake. Inua mkono, uliza: Samaki gani? Kwa siku ngapi? Na hiyo namba mmeigawanya kwa ngapi? Kisha ngoja jibu kabla hujafungua soda.