Fumbo na Uso: Haki za Kiraia katika Katuni za Marekani

Mwaka 1956, William Gaines, mchapishaji wa katuni mjini New York, alitaka kuirudia hadithi ya "Judgment Day", iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1953. Ndani yake mjumbe kutoka duniani azuru sayari ya roboti. Zote zimeundwa sawa, isipokuwa ganda la nje. Walakini zile za rangi ya chungwa zazibagua zile za buluu. Mjumbe aamua kuwa sayari hiyo haijastahiki kuingia katika umoja wa walimwengu. Katika picha ya mwisho avua kofia yake ya chuma: ni mtu mweusi. Msimamizi wa Kanuni za Katuni, zilizowekwa mwaka 1954, akataka mweusi huyo aondolewe. Gaines akakataa katakata, na hadithi ikachapwa kama ilivyokuwa.

Kisa hiki chadhihirisha mpaka wa fumbo. Ubaguzi wa roboti uliweza kupita. Uliozuiwa ni uso.

Toleo la kwanza la X-Men, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby, lina tarehe ya Septemba 1963. Maandamano makuu ya Washington yalikuwa Agosti 28 mwaka huohuo. Mashujaa wake wamezaliwa na vipawa vya ajabu, nao wachukiwa na walewale wawalindao. Aghalabu wasomaji wamemfananisha mwalimu wao, Xavier, na Martin Luther King, na hasimu wake, Magneto, na Malcolm X. Mfano huo wapwaya. Magneto wa mwanzo alitaka kuwatawala binadamu. Malcolm alidai watu wake waheshimiwe na wawe na haki ya kujihami. Tena wanafunzi watano wa Xavier wote walikuwa weupe. Madhila ya weusi yalisimuliwa, wenyewe hawamo.

Pengo hilo lilizibwa polepole. Julai 1966 Lee na Kirby walimleta Black Panther, mfalme wa Wakanda. Mwaka 1975 Len Wein na Dave Cockrum wakamwingiza Storm, yaani Ororo, aliyekutwa Kenya, katika kundi la X-Men.

Fumbo lilimfunza kijana mweupe kumhurumia asiyemjua. Lakini pia lilimruhusu ahurumie kiumbe wa kubuni, kisha afunge kitabu bila kumtazama jirani yake. Ndiyo maana Gaines hakukubali kuibadili ile picha ya mwisho.