Wimbi, Muhogo na Tumbaku ya Arua

Tarehe 1 Januari 1914, nchi hii ya Arua, iliyokuwa sehemu ya eneo la Lado alilokodishwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa muda wa uhai wake, naye akafariki Desemba 1909, ilitiwa katika himaya ya Uganda, na mwaka uo huo likajengwa boma la Arua. Zama hizo Walugbara, na jirani zao Wakakwa wa Koboko, waliishi kwa wimbi, ambao watu wa pwani huuita ulezi, pamoja na mtama, kunde na ufuta. Muhogo ulienea baadaye, serikali ikiwahimiza watu waupande kuwa akiba ya njaa, kwani mzizi wake nzige haufikii, na hungoja ardhini hata mwaka na zaidi bila kuharibika.

Siulaumu muhogo, maana umeokoa roho nyingi. Lakini haukuleta vile vilivyokuwamo katika chakula ulichokiondoa. Gramu 100 za wimbi zina chokaa ya miligramu 300 na zaidi, na unga wa muhogo haufikii hata robo yake. Na mwili uliokosa chokaa na chuma hufungua milango yake kwa pupa: mlango ule ule wa utumbo upitishao chuma hupitisha pia metali za sumu, risasi na kadimiamu, nayo milango hiyo huzidi wingi kadiri chuma kinavyopungua, hata sumu ikaingia katika nafasi ya kile kilichotafutwa. Ni kweli kwamba wimbi nao una kitu kikamatacho chuma kisisharabiwe chote, na ndiyo sababu mboga za majani na nyama hazikuwa anasa.

Tena muhogo mchungu una sianidi. Akina mama wa kaskazini mwa Uganda huimenya mizizi, huirundika na kuifunika mpaka iote ukungu, kisha huukwangua kwa kisu, huiponda na kuianika juani. Kwa hila hiyo sehemu kubwa ya sumu huondoka. Masalio huvunjwa na mwili kwa kutumia salfa itokayo katika protini, ambayo muhogo ni fakiri nayo. Na salfa hiyo hiyo ndiyo inayohitajika kuunda protini ndogo iifungayo kadimiamu, ambayo karibu thuluthi ya viungo vyake ni vyenye salfa. Kwa hiyo mlaji wa muhogo mtupu hudaiwa mara mbili kwa hazina moja.

Deni hili halikuwa dogo Arua, kwani kabla ya uhuru tumbaku ilikwisha kuwa miongoni mwa mazao makuu ya fedha, na jani la tumbaku hufyonza kadimiamu ya udongo kuliko mimea mingi. Mvutaji huipokea kwa mapafu, ambayo hayana bawabu kama utumbo, nayo ikishatua katika mafigo, nusu yake huweza kukaa humo miaka 10 hadi 30.

Hata hivyo wimbi haukufukuzwa kabisa. Katika nyumba nyingi ugali uitwao enyasa husongwa mpaka leo kwa unga uliochanganywa, muhogo na wimbi, hata ukawa wa rangi ya udongo mwekundu wa pale pale, na kando yake huwekwa bakuli la mboga za majani zilizoungwa kwa ufuta uliosagwa.