Sumaku inavyofichua chuma kilichojificha katika silikoni

PANELI nyingi za sola zinazowasha taa majumbani huundwa kwa vipande vyembamba vya silikoni, kitu ambacho husafishwa kiwandani hadi kikawa miongoni mwa vitu safi mno kuwahi kutengenezwa na binadamu. Hata hivyo, usafi huo una adui mkaidi. Naye ni chuma, kile kile cha misumari na majembe.

Chuma hupenya kutoka kwa mitambo, mabomba na tanuri za kiwandani. Silikoni ikiwa moto, atomu zake husafiri kwa kasi ndani ya fuwele na kutulia humo, pasipo kuonekana kwa macho wala kwa darubini ya kawaida. Atomu moja tu ya chuma kati ya atomu bilioni 50 za silikoni yaweza kuanza kuleta madhara. Sababu ni kwamba atomu hiyo huwa mtego: elektroni iliyochomolewa na mwanga wa jua hunaswa njiani kabla ya kufika kwenye waya, na umeme ukapungua.

Basi mtu atautambuaje uchafu mdogo kiasi hicho? Mojawapo ya njia ni ile iitwayo risonansi ya sumaku ya elektroni. Ilivumbuliwa mwaka wa 1944 katika mji wa Kazan, Muungano wa Kisovieti, na mwanafizikia Yevgeny Zavoisky, vita vikiwa bado vinaendelea. Zavoisky hakupata Tuzo ya Nobel hadi alipofariki mwaka wa 1976, ilhali Felix Bloch na Edward Purcell waliipokea mwaka wa 1952 kwa kazi iliyo dada ya hiyo, ile ihusuyo viini vya atomu. Wengi huona kwamba hakutendewa haki, nasi twakubaliana nao.

Msingi wake si mgumu. Kila elektroni ni kijisumaku. Elektroni zikiwa wawili wawili, sumaku zao hubatilishana, na hivyo ndivyo zilivyo katika silikoni safi. Lakini atomu za chuma, manganisi au kromi huwa na elektroni zisizo na mwenza. Kwa hiyo fuwele yenyewe hukaa kimya, na mgeni ndiye anayesikika.

Kipande cha fuwele, aghalabu kisichozidi ukubwa wa njiti ya kiberiti, hutiwa katika kisanduku cha metali kati ya ncha mbili za sumaku kubwa. Mara nyingi hupozwa kwa heli ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sufuri. Kisha humulikwa kwa mawimbi ya mikrowevu yenye urefu wa takriban sentimita tatu, huku nguvu ya sumaku ikiongezwa polepole. Inapofikia kiwango fulani, elektroni pweke hupinduka na kumeza sehemu ya mawimbi hayo. Kwa mawimbi ya gigahezi 9.5, elektroni huru hufanya hivyo kwenye tesla 0.34 hivi, chuma kilichomo ndani ya silikoni hujitokeza chini kidogo ya hapo.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haisemi tu kuwa kuna uchafu, bali huutaja kwa jina. Kiini cha atomu nacho chaweza kuwa na sumaku yake, na hiyo huupasua mstari mmoja ukawa kadhaa. Manganisi hutoa mistari sita, vanadi minane, shaba minne. Chuma hutoa mmoja mkubwa, kwa kuwa ni takriban asilimia mbili tu ya atomu zake zilizo na kiini chenye sumaku. Isitoshe, fuwele ikizungushwa, jinsi mistari inavyosogea au kutosogea huonyesha mahali atomu ilipoketi. Ni kwa namna hiyo G. W. Ludwig na H. H. Woodbury, wa maabara ya General Electric nchini Marekani, walivyobainisha kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 kwamba chuma hujibanza katika nafasi zilizo baina ya atomu za silikoni badala ya kutwaa mahali pa mojawapo.

Njia hii ina upofu wake. Chuma kikijikusanya kuwa vidonge, alama yake hutoweka. Penye boroni, chuma hujifunga nayo na alama ya awali hufifia, nyingine ikachukua nafasi yake, mpaka jozi hiyo ivunjwe kwa mwanga mkali au kwa joto la nyuzi 200 hivi. Aidha, mtambo wenyewe ni ghali na kazi yake ni ya polepole, kwa hivyo viwanda hutegemea zaidi vipimo vya umeme katika shughuli za kila siku.

Chuma kikishajulikana kilipo, huweza kuondolewa. Fosforasi husambazwa kwenye uso wa kipande kwa joto kali, nacho chuma huvutwa kutoka ndani hadi kwenye tabaka hilo, ambako hakiwezi tena kudhuru.